Bei Mbili Zilizofichika

Mama wa nyumbani anunuaye maharage na mchele sokoni Kamenge, Bujumbura, asiridhike akitajiwa jumla ya fedha tu. Tuseme juzi kilo 2 za maharage na 3 za mchele zilimgharimu faranga 17,000. Leo kilo 2 za maharage na 1 ya mchele, faranga 9,000. Maharage hayakuzidi, kwa hiyo tofauti ya 8,000 ni ya kilo 2 za mchele. Basi kilo moja ya mchele ni 4,000, na ya maharage 2,500. Sharti bei ziwe hazikubadilika, wala manunuzi ya pili yasiwe yale ya kwanza mara mbili, kwani hayo hayafichui jipya. Sasa aweza kulinganisha meza kwa meza, na fedha ya chumvi ikasalia.