Alipika Bila Kuona

Nani kwenu Butembo ao Beni anaweza kupika sombe macho yamefungwa? Sikieni habari ya Christine Ha, Mmarekani mwenye wazazi wa Vietnam. Mama yake alifariki Christine akiwa na miaka 14, bila kumwachia maandishi ya mapishi. Akajifundisha mwenyewe. Kisha ugonjwa ukampofusha.

Mwaka 2012 aliingia MasterChef, shindano la televisheni la wapishi wa nyumbani. Alipika kwa kugusa, kunusa na kuonja. Mwishoni walibaki wawili: yeye na Joshua Marks. Christine akaandaa saladi ya papai, kisha nyama ya nguruwe na wali, chakula cha kwao. Akashinda dolari 250.000.

Vijana, je, mnadharau masufuria ya mama? Ingieni jikoni, mumuulize angali yupo.