Sura ya Sita: Bei Hushuka, Spea Hazishuki

Mercedes-Benz S-Class mpya huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 100,000. Ikishatimiza miaka minane, mara nyingi utaikuta yadi kwa chini ya theluthi ya fedha hizo, rangi bado inang'aa na viti vya ngozi bado vinanukia. Hapo mtu wa kipato cha kawaida huanza kupiga hesabu. Lakini kilichoshuka ni bei ya kulinunua tu. Turbo, kompresa ya hewa, kompyuta ya giaboksi na saa za fundi bado hutozwa kwa kiwango cha gari la dola 100,000. Uamuzi wa kununua au kutonunua dhamana ya ziada unaanzia kwenye pengo hilo.

BMW na Mercedes hutoa Marekani dhamana ya kiwandani ya miaka 4 au maili 50,000, kutegemea kipi kitatangulia. Lexus hutoa hiyo hiyo, ila injini na giaboksi hulindwa hadi miaka 6 au maili 70,000. Wengi wanaokodi magari haya huyarudisha baada ya miaka mitatu hivi, kwa hiyo yadi hujaa magari yaliyobakiza miezi michache tu ya ulinzi, au yasiyo nao kabisa. Mnunuzi wa pili huchukua gari wakati uleule mtengenezaji anapojitoa.

Tazama mfumo wa mifuko ya hewa unaobeba Range Rover badala ya springi za chuma. Mpira wa mfuko huzeeka, hupata nyufa, hewa huanza kuvuja polepole. Gari likilala usiku kucha hukutwa asubuhi limeinama upande mmoja. Kompresa sasa hulazimika kufanya kazi mara nyingi kuliko ilivyokusudiwa, hupata joto, hatimaye huungua. Aliyepuuza mfuko mmoja hujikuta analipia mfuko na kompresa. Au chukua injini ya BMW iitwayo N63, ya silinda nane, ambayo turbo zake mbili zimewekwa juu, katikati ya safu za silinda. Joto hurundikana pale, na matoleo ya mwanzo yalisifika vibaya kwa kula oili hadi BMW yenyewe ikaanzisha mpango maalumu wa kuwahudumia wenye magari hayo. Kuna kazi kwenye injini kama hii ambazo kipuri chenyewe si ghali. Kinachomaliza fedha ni saa za kufungua kila kitu ili kukifikia.

Lexus ES iliyotunzwa vizuri haina historia ya namna hiyo. Ndiyo maana swali la jumla, kama dhamana ya magari ya kifahari ina faida, halina jibu. Uliza kuhusu mwaka fulani, injini fulani.

Kinachouzwa kwako kwa jina la dhamana ya ziada, sheria ya Marekani hukiita mkataba wa huduma. Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inatofautisha viwili hivi: dhamana huja ndani ya bei ya bidhaa, mkataba wa huduma hulipiwa pembeni. Ni ahadi inayofanana sana na bima, na aliyekuuzia si lazima awe ndiye atakayelipa. Nyuma yake kunaweza kuwa na kampuni ya kusimamia madai na nyingine ya bima. Kabla ya kusaini, tafuta jina la anayewajibika kulipa. Mwaka 2024 kampuni ya CarShield, iliyojulikana kwa matangazo ya televisheni, ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza shauri la Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani (FTC), iliyodai matangazo hayo yaliwapotosha wateja kuhusu kinacholipiwa.

Wauzaji wa mikataba hii hawafanyi sadaka. Kutoka kwenye ada za wateja hulipwa matengenezo, kamisheni, ofisi na faida, kwa hiyo mteja wa kawaida lazima apate chini ya alichotoa. Lakini wapo wanaopata zaidi. Mwandishi wa magari Doug DeMuro alinunua Range Rover ya mwaka 2006 kutoka CarMax, kampuni ya Marekani inayouza magari yaliyotumika, pamoja na mkataba wa karibu dola 4,000, na matengenezo yaliyolipiwa yakazidi kiasi hicho mara kadhaa. Kisa chake kilienea sana, na watu wengi wamekichukua kama ushahidi kwamba kila mkataba una faida. Mimi nakisoma tofauti: alichagua gari linalojulikana kwa kuharibika, na mkataba uliolinda karibu kila kitu. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo viwili, hesabu inageuka.

Maoni yangu ni haya. Jiulize kwanza kama unaweza kulipa dola 6,000 kwa mpigo mmoja bila kukosa kodi ya nyumba. Kama unaweza, na gari ni la aina isiyosumbua, bei ya mkataba iweke benki. Kama unaweza lakini unataka V8 yenye turbo au Range Rover, mkataba mpana ni ununuzi wa busara. Kama huwezi, na hata bei ya mkataba itaingizwa kwenye mkopo, achana na gari hilo. Mkataba hauligeuzi kuwa gari rahisi: matairi, breki, oili na kila kinachohesabiwa kuwa uchakavu wa kawaida vitabaki juu yako.

Ukiamua kununua, anza kusoma orodha ya visivyolipiwa. Mkataba mzuri hutaja visivyolindwa na kulinda vingine vyote. Ule dhaifu hutaja vinavyolindwa tu, na kipuri kilichoharibika kina tabia ya kutokuwemo. Angalia kama fundi wako atakubaliwa, kama kiwango chake cha saa kitalipwa chote, na kama idhini lazima itolewe kabla hajafungua injini. Tunza kila risiti ya kubadilisha oili, kwa sababu kukosa kumbukumbu za huduma ni njia nyepesi ya dai kukataliwa. Kabla ya yote, mlipe fundi asiyehusiana na yadi alikague gari. Hitilafu iliyokuwepo kabla ya mkataba hailipiwi.

Bei ya mkataba hujadiliwa kama bei ya gari, na huna haja ya kuukubali siku ile ile. Ukiuza gari mapema, mikataba mingi hukuruhusu kuufuta na kurudishiwa fedha za muda uliobaki, au kumhamishia mnunuzi mpya kwa ada ndogo. Kama uliuingiza kwenye mkopo, fedha hizo hupelekwa kwanza kupunguza deni. Omba kwa maandishi, taja maili zilizosomeka siku hiyo, na ubaki na nakala.