Mwuzaji Tusiyemwona

Vijana wetu wengi siku hizi waagiza bidhaa Uchina kwa njia ya intaneti, na mtaji wao aghalabu ni akiba ya nyumba nzima. Hatuwakatazi, twawahadharisha. Katika soko la Alibaba, lililoanzishwa Hangzhou mwaka 1999, mnunuzi akilipa ndani ya soko lenyewe, fedha zake zaweza kuwekwa amana mpaka mzigo umfikie. Ayari alijua hilo vyema, ndipo humvuta mteja pembeni, kwa WhatsApp, akamwahidi bei nafuu iwapo atazipeleka fedha benki moja kwa moja. Na hesabu yenyewe, ajabu, ina jina la mtu, si la kampuni! Fedha zikishatoka kwa njia hiyo, soko halina dhamana nazo tena.