Kiingereza kimoja, maana mbili

Vijana wengi katika makanisa yetu wanajifunza Kiingereza, na wengine wameanza kuwatafsiria wageni mahubiri na mikutano. Ni kazi njema. Lakini inafaa wajue mapema kwamba Kiingereza cha Uingereza na kile cha Marekani havilingani katika mambo yote.

Tofauti nyingine ni ndogo. Mwingereza anaandika “colour”, Mmarekani anaandika “color”, kama Noah Webster alivyoandika katika kamusi yake ya mwaka 1828. Mwingereza aliyetoka kula sasa hivi husema “I've just eaten”. Mmarekani anaweza kusema “I just ate”. Hapo hakuna aliyekosea, na mwanafunzi asichekwe.

Hatari iko pale ambapo neno moja linabeba maana mbili. Tukiandika 5/6, Mwingereza anasoma kama sisi tuliosoma kwa Kifaransa: tarehe 5 mwezi wa sita. Mmarekani anasoma tarehe 6 mwezi wa tano. Mgeni anaweza kungojewa mwezi mzima!

Tena kuna neno “to table”. Kwa Mwingereza, ni kuleta jambo mezani lijadiliwe. Kwa Mmarekani, ni kuliweka kando. Winston Churchill alieleza kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili, maofisa wa nchi hizo mbili walibishana sana juu ya neno hilo, kumbe wote walitaka jambo lile lile.

Hata Biblia inaguswa. Katika tafsiri ya King James ya mwaka 1611, “corn” ni nafaka, kama vile ngano. Kwa Mmarekani wa leo, “corn” ni mahindi. Mtu akisoma Marko 2 hivyo, atadhani wanafunzi wa Yesu walivunja mahindi, mmea uliotoka bara la Amerika na ambao Israeli ya wakati ule haikuujua.

Kwa hiyo tunawashauri watafsiri wetu: mwulizeni mgeni anatoka wapi, na neno likiwa na mashaka, aeleze anamaanisha nini. Jina la mwezi liandikwe kwa herufi. Na kabla ya kutia sahihi, katibu asome maamuzi yote kwa Kiswahili, kila mmoja asikie alichokubali.