Dinosaria Mwenye Fuvu Nene

Mnyama afapo porini, mzoga wake haukai mzima. Fisi huguguna mifupa, maji ya mvua huitawanya, na ile iliyo myembamba huvunjika kwanza. Mifupa minene hudumu zaidi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Stegosera, dinosaria aliyeishi Kanada yapata miaka milioni 75 iliyopita.

Stegosera alikula majani, akatembea kwa miguu miwili, na ukubwa wake ulikaribia ule wa mbuzi. Juu ya kichwa chake palikuwa na nundu ya mfupa mtupu, yenye unene wa zaidi ya sentimita 5, mviringo kama kibuyu. Alipokufa, mara nyingi mifupa mingine ilisagika mtoni, nundu ikabaki na kufukiwa na mchanga. Maji yenye madini yaliipenya polepole hata ikawa ngumu kama jiwe. Mfupa wa namna hiyo huitwa kisukuku.

Mwaka 1902 mtaalamu Lawrence Lambe aliandika habari za nundu zilizookotwa kando ya Mto Red Deer, katika jimbo la Alberta. Umbo la mnyama mwenyewe halikujulikana bado. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1924, Charles Gilmore alipoeleza fuvu zima lililopatikana pamoja na sehemu ya mifupa ya mwili.

Wakusanyaji hutafuta visukuku makorongoni, hasa baada ya mvua kumomonyoa udongo. Wakiona kipande, hawakiokoti papo hapo. Kwanza huandika mahali kilipo na tabaka la mwamba. Kisha hupanda mteremko, kwa kuwa huenda vipande vingine vingali ardhini huko juu. Mfupa ulio dhaifu hupakwa gundi. Huchimbuliwa pembeni kwa patasi ndogo na brashi, hufunikwa kwa karatasi iliyoloweshwa, halafu huviringishiwa vipande vya gunia vilivyochovywa katika plasta, kama daktari afungavyo mguu uliovunjika. Karatasi huzuia plasta isigandamane na mfupa.

Nundu ikiokotwa bila kuandikwa ilikotoka, hasara yake ni kubwa: ni vigumu mno kujua mnyama wake aliishi lini. Lakini nundu iliyohifadhiwa vema ina mengi ya kueleza, hata ikiwa peke yake. Mwaka 2013 wataalamu walieleza uchunguzi wa nundu 109 za Stegosera na jamaa zake. Karibu nundu 1 katika kila 5 ilikuwa na alama za majeraha, na nyingi za alama hizo zilikuwa upande wa juu. Wataalamu hao wanaona kwamba yamkini wanyama hawa walipigana kwa vichwa, kama wafanyavyo kondoo dume.