Dawa ya Mwani ni Mwani

Afugaye matumbawe nyumbani, katika tangi la kioo lenye maji ya bahari, hujiwa mapema na mgeni asiyetakiwa: mwani wa nyuzinyuzi, ambao hufunika mawe, kisha matumbawe yenyewe, hata yakakosa nuru. Kuukwangua ni kazi bure iwapo chakula chake kingali majini. Chakula hicho ni naitrati na fosfati, zitokanazo na kinyesi cha samaki na masalio ya chakula walichotupiwa kwa ukarimu uliopita kiasi. Kwenye miamba ya baharini chumvi hizo ni haba mno, tena samaki na konokono huula mwani kila uchipukapo, tangini hujilimbikiza.

Kuzima taa si dawa ya kudumu. Matumbawe ni wanyama, lakini ndani ya nyama yao huishi mwani mwingine, mdogo usioonekana kwa macho, ambao huwalisha kwa sukari itengenezwayo kwa nuru. Gizani wote wawili hudhoofika.

Mtaalamu Walter Adey wa Taasisi ya Smithsonian, huko Washington, aliligeuza tatizo kuwa dawa. Katika tangi la matumbawe lililofunguliwa kwa watazamaji mwaka 1980, maji yalipitishwa kando, juu ya nyavu zilizomulikwa kwa taa kali. Hapo mwani uliachwa usitawi, ukafyonza naitrati na fosfati, kisha ukavunwa na kutolewa. Mvunaji akichelewa, mwani huoza, na chakula chote hurudi majini.