Kinyesi cha Kuku, Jani la Mgomba na Simu ya Bei Poa

Kati ya Septemba 2020 na Februari 2021, wafugaji wa kuku katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha walipokea wageni wenye shida isiyo ya kawaida. Hawakutaka mayai, hawakutaka nyama. Walitaka kupiga picha kinyesi.

Picha zilikuwa nyingi. Zilizotambuliwa palepale shambani zilifika 6,812, na nyingine 1,255 ziliambatana na majibu ya maabara. Ziligawanywa mafungu manne: kuku mzima, kideri, kuhara damu (koksidia) na salmonela. Mfugaji mzoefu ana mafungu kama hayo kichwani mwake. Akiona kinyesi chepesi cha kijani anaanza kuwaza kideri, ambacho huweza kufyeka banda zima kwa siku chache. Akiona damu, mawazo yanahamia kwenye koksidia. Cheupe kilichoganda nyuma ya kifaranga nacho kina habari zake. Dina Machuve wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo upande wa Tengeru kwenye barabara ya Moshi na Arusha, pamoja na wenzake, walitaka kuipa simu jicho hilo la mfugaji mzoefu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022, na ndani yake kuna uamuzi ambao kila mwanafunzi wa kompyuta angefaa kuusoma mara mbili. Modeli iliyoongoza, Xception, ilipatia asilimia 98.24 ya picha za majaribio. Iliyofuata, MobileNetV2, ilipatia asilimia 98.02. Kwa hesabu za darasani mshindi anajulikana. Hata hivyo watafiti walipendekeza ile ya pili ndiyo ipelekwe kwa wafugaji, kwa kuwa ni nyepesi na inazimudu vizuri picha ambazo haijawahi kuziona. Pengo la asilimia 0.22 halina faida kwa mtu ambaye simu yake imeshajaa picha za harusi na haina nafasi ya kupokea programu nzito.

Njia panda hiyo ilikuwa imeshafikiwa kabla. Mwaka 2020 Sophia Sanga, akiwa mwanafunzi wa taasisi hiyohiyo, alitoa pamoja na wenzake kazi ya kutambua magonjwa mawili ya migomba kwa simu ya Android: mnyauko unaoletwa na fangasi wa Fusarium, na Sigatoka nyeusi. Walitumia picha 3,000 za majani. Modeli ya Resnet152 ilipata asilimia 99.2, Inceptionv3 ikapata 95.41. Iliyoingia kwenye simu ni Inceptionv3, kwa sababu haili kumbukumbu nyingi. Safari hii pengo lilikuwa karibu asilimia nne, si haba, na bado simu ndiyo iliyokata shauri.

Kwa Mchaga hili si jambo la pembeni. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, bila mgomba ni kiwanja tu. Mgomba unampa kivuli mbuni, unalisha ng'ombe wa zizini, unatoa mtori na mbege. Mchare, ndizi ya kupika inayopendwa kuanzia Machame hadi Marangu, ni miongoni mwa aina zinazodhurika na huo mnyauko. Ugonjwa huanza kwa ujanja: jani la chini linageuka manjano kutoka ukingoni, linavunjika shingoni na kuning'inia, na ukipasua shina unakuta michirizi ya rangi ya kahawia iliyoiva. Fangasi huyo hukaa udongoni miaka mingi. Ndiye aliyeiondoa ndizi ya Gros Michel kwenye mashamba makubwa ya Amerika ya Kati katikati ya karne iliyopita. Anayeujua mapema hung'oa shina moja. Anayechelewa huweza kuhamishia ugonjwa kwa jirani kwa jembe na machipukizi.

Hapa ndipo sifa za asilimia 98 na 99 zinapohitaji kupunguzwa kasi. Modeli iliyofundishwa mafungu manne haijui fungu la tano. Ipigie picha kandambili, nayo itakutajia mojawapo ya majibu manne, pengine kwa kujiamini kabisa. Tena picha za kufundishia zilipigwa na watu waliojua wanachotafuta, ilhali kihambani mwanga ni hafifu, jani limelowa, na anayepiga picha ana haraka ya kuwahi soko. Mwanafunzi anayetetea mradi wake mbele ya jopo huulizwa zaidi juu ya asilimia kuliko juu ya kandambili. Jopo lingefaa kubadili swali.

Si magonjwa pekee: michezo ya kompyuta nayo ina mitego yake kwa anayeandika programu. Wengi wanaojifunza kuandika programu huanza na mchezo, maana vifaa kama Scratch na Godot ni vya bure, na kosa linaonekana papo hapo kwenye kioo. Mtanzania anayetafuta mchezo wa kuandika ana bao mlangoni: mashimo 32, kete 64, kila mchezaji akianza kunamua na kete 22 mkononi. Linaonekana jepesi mpaka ulifikishe kwenye kompyuta. Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, waliandika juu ya kuliprogramu mwaka 2002. Mwaka 2006 Donkers, pamoja na Tom Kronenburg na Alexander de Voogt, wakaonyesha kwamba kuna mikono ya bao isiyokwisha: kete zinazunguka, zinazunguka, hazilali. Kijiweni wachezaji watacheka na kuelewana. Programu isiyowekewa kikomo itaganda.

Mkoani Tanga mtihani ulikuwa wa aina nyingine. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi 15, watoto katika vijiji karibu 170 walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kupitia michezo ya kwenye tableti, bila mwalimu, zikichajiwa kwa umeme wa jua. Lilikuwa shindano la Global Learning XPRIZE. Mei 2019 timu za onebillion na Kitkit School ziligawana dola milioni 10, na misimbo ya programu ikaachwa wazi kwa yeyote.

Moshi yenyewe haikosi vijana wa kazi hii. Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963, kina wanafunzi wa teknolojia ya habari. Kusajili akaunti ya msanidi kwenye duka la Google Play ni dola 25, mara moja tu. Apple inataka 99 kila mwaka. Intaneti nayo imepanda Mlima Kilimanjaro: Agosti 2022 TTCL ilizindua huduma ya kasi kwenye mita 3,720, ambako mgeni anaweza kuwarushia picha nduguze kabla hajafika kileleni. Bibi wa Kibosho aliye chini yake anahesabu bando. Aplikesheni inayotaka intaneti ili itambue jani moja bado haijatengenezwa kwa ajili yake.

Kinachopungua zaidi ni mwendelezo. Mradi wa mwaka wa mwisho huishia kwenye kabati la idara, na mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anaanza upya na picha ya kwanza. Hakuna haja. Picha za kinyesi cha kuku za Kilimanjaro na Arusha zimewekwa wazi mtandaoni kwenye hazina ya Zenodo, na zaidi ya picha 16,000 za majani na mashina ya migomba ya Tanzania, zilizochapishwa mwaka 2023 na Neema Mduma na mwenzake, nazo zipo kwa yeyote. Anayetafuta mada ya mradi muhula huu azipakue, aongeze fungu la tano, kisha akaijaribu kazi yake kihambani kwa simu ya bei poa kuliko zote atakazozipata.